Mikimbio ya msimu: aliyeileta na aliyemtangulia kwenye besi

Ndugu wapenzi wa besiboli, makocha, na hasa nyinyi mnaokaa pembeni ya uwanja na daftari la alama mapajani, hamjambo.

Naanza na majina mawili. Tommy Herr alilinda besi ya pili ya St. Louis Cardinals mwaka 1985. Barry Bonds alichezea San Francisco Giants mwaka 2004. Herr alipiga homurani 8 tu msimu ule, yaani mapigo yanayomzungusha mpigaji mwenyewe besi zote hadi nyumbani, lakini alileta nyumbani mikimbio 110, na yeye mwenyewe akafunga 97. Bonds alipiga homurani 45, akaleta 101, akafunga 129. Kuna hesabu nyepesi iliyotumika kwa miaka mingi Marekani kumpima mzalishaji wa mikimbio: chukua alizofunga, ongeza alizoleta, kisha toa homurani, kwa sababu kila homurani imekwisha kuandikwa pande zote mbili. Kwa hesabu hiyo Herr ana 199 na Bonds ana 185.

Herr alikuwa mchezaji mzuri sana, na sina neno baya juu yake. Lakini Bonds wa 2004 alifika besi mara 609 katika kila mara 1,000 alizosimama kupiga. Hakuna aliyewahi kufikia hapo kabla yake katika ligi kuu, na baada yake hajatokea wa kumkaribia. Hesabu inayomweka nyuma ya Herr inapima kitu kingine tofauti na tunachodhani inapima. Kitu hicho ndicho kilichonileta mbele yenu leo: orodha ya vinara wa mikimbio ni kazi ya wapigaji watatu au wanne iliyoandikwa kwa jina la mmoja. Ina thamani kubwa, mradi tujue kuwarudisha wale wengine ndani ya picha.

Tukubaliane kwanza juu ya kinachoandikwa. Mkimbiaji akizunguka besi zote na kuigusa ya nyumbani, anaandikiwa mkimbio wa kufunga. Mpigaji aliyemwezesha anaandikiwa mkimbio wa kuleta, na huu ndio wenye masharti. Anaandikiwa pale mwenzake anapofika kwa pigo safi (linalomfikisha mpigaji besi bila kosa la walinzi), kwa mpira wa juu wa kafara, kwa mguso wa kafara (mpigaji anatolewa ili mwenzake asonge mbele), au kwa mpira wa chini uliosababisha mtu mmoja kutolewa. Besi zikiwa zimejaa, akipewa besi ya bure kwa mipira minne mibaya, au akigongwa na mpira, yule anayesukumwa kuingia nyumbani ni wake pia. Haandikiwi mkimbiaji akiingia kwa mpira uliomponyoka mdakaji, kwa mrusho uliopotea njia, wala kwa kuiba besi ya nyumbani, yaani kuikimbilia bila mpira kupigwa.

Daftari nyingi huharibika sehemu mbili. Ya kwanza ni kosa la mlinzi. Mwandishi wa alama anapaswa kujiuliza kama kulikuwa na mkimbiaji besi ya tatu ambaye angefika hata bila kosa lile, na kama waliotolewa walikuwa hawajafika wawili. Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, mpigaji anaandikiwa. Likiwa hapana kwa moja, mkimbio unahesabika kwa timu lakini hakuna aliyeuleta. Ya pili ni mpira wa chini uliowatoa wawili kwa mpigo mmoja. Hapo mpigaji hapati kitu hata kama wa besi ya tatu amefika nyumbani salama, na waandishi wageni humwandikia kwa sababu wameona mtu ameingia. Jim Rice wa Boston Red Sox mwaka 1984 alileta mikimbio 122, na msimu huohuo alipiga mipira 36 ya namna hiyo, rekodi ya msimu mmoja hadi sasa. Safu ya mikimbio ya kuleta inakuonyesha zile 122 na kunyamaza kuhusu 36. Mpira wa namna hiyo hufuta mkimbiaji aliyekuwa tayari ameshafika, tena huchukua nafasi mbili kati ya tatu za zamu, maana zamu ya timu kupiga huisha watu wake watatu wakitolewa. Ni hasara kubwa kuliko kurushiwa mipira mitatu ukaikosa yote.

Hata walio juu kabisa wana makosa ya daftari. Mikimbio ya kuleta ilianza kuwekwa rasmi mwaka 1920. Miaka kumi baadaye Hack Wilson wa Chicago Cubs aliandikiwa 190, na namba hiyo ikakaa vitabuni karibu miaka 70. Watafiti wakapitia mchezo kwa mchezo, wakakuta mkimbio mmoja wa mwezi Julai uliandikwa kwa Charlie Grimm wakati aliyeuleta ni Wilson. Mwaka 1999 rekodi ikasahihishwa kuwa 191, na haijavunjwa. Nawaheshimu sana watu wale. Walikuwa wanatafuta mkimbio mmoja ndani ya msimu wenye michezo zaidi ya 150.

Wilson anafaa kukaliwa kitako. Alikuwa mtu mfupi, futi 5 na inchi 6, mwenye kifua kipana na mikono ya mpiga chuma. Mwaka 1930 alipiga homurani 56 na wastani wa 0.356, yaani mapigo safi 356 katika kila mara 1,000 za kupiga, akapewa besi za bure 105. Hiyo ni kazi yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Sasa tazameni waliomtangulia katika orodha ya kupiga. Woody English alifunga mikimbio 152 mwaka ule, na Kiki Cuyler akafunga 155. Wote wawili walifika besi zaidi ya mara 42 katika kila mara 100. Wilson alikuwa anasimama kupiga akiwakuta watu mbele yake karibu kila zamu. Ongeza kwamba Ligi ya Taifa nzima (nusu ya ligi kuu; nusu nyingine ni Ligi ya Marekani), pamoja na warushaji waliopiga siku zile, ilikuwa na wastani wa 0.303. Mwaka uliofuata Wilson alishuka hadi homurani 13 na mikimbio 61. Kwa hiyo nafasi peke yake haitoshi. Pigo likikosekana, wakimbiaji hubaki walipo hadi zamu inakwisha, na jina la mpigaji linapotea kwenye orodha.

Lou Gehrig wa New York Yankees ndiye anayefuata, kwa mikimbio 185 aliyoleta mwaka 1931. Mbele yake alikuwa Babe Ruth, ambaye mwaka huo alifika besi karibu nusu ya mara zote alizosimama kupiga. Ruth huyohuyo alipiga homurani 46, na kila moja ilimwachia Gehrig besi tupu, kwa hiyo zile 185 zilitoka kwenye sehemu ya chungu iliyobaki. Gehrig alifunga pia 163. Kwa hesabu nyepesi ya awali anapata 302, namba ambayo kwa wachezaji wa leo haifikiki hata kwa mbali.

Tena ingekuwa 304 kama si tukio la tarehe 26 Aprili mjini Washington. Gehrig aliupeleka mpira hadi kwenye viti vya watazamaji, nao ukadunda ukarudi uwanjani mikononi mwa mlinzi. Lyn Lary, aliyekuwa kwenye besi, akaamini umedakwa. Alikimbia hadi besi ya tatu kisha akaenda zake benchi. Gehrig akaendelea kuzunguka kichwa chini, akampita mwenzake, na kwa sheria anayempita mkimbiaji aliye mbele yake anatolewa. Akaandikiwa pigo la besi tatu, homurani ikafutwa, na mikimbio miwili ya kuleta ikafutika nayo. Mwisho wa msimu alilingana na Ruth kwa homurani 46 wakati angekuwa na 47. Makocha, hili ni la kufundisha watoto kila siku ya mazoezi: mkimbiaji aliye mbele hatazami benchi, anamtazama kocha wa besi ya tatu hadi aguse nyumbani.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Yankees wa 1985. Don Mattingly aliongoza ligi kuu nzima kwa kuleta mikimbio 145, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Marekani. Mpigaji wa kwanza katika orodha yao alikuwa Rickey Henderson, aliyefunga mikimbio 146, akafika besi mara 419 katika kila 1,000, na kuiba besi 80 huku akinaswa mara 10 tu. Henderson alileta mikimbio 72, akamaliza wa tatu kwenye kura za tuzo ile. Ukisoma safu moja tu unaona 145 dhidi ya 72, kana kwamba mmoja amefanya kazi mara mbili ya mwenzake. Lakini Mattingly alikuwa anafika kupiga akimkuta Henderson besi ya pili, sehemu ambayo pigo la besi moja mara nyingi linatosha. Henderson hakuwa na mtu kama huyo mbele yake. Alikuta mkia wa orodha, au alikuta besi tupu, kwa sababu mpigaji wa kwanza huuanza kila mchezo bila mtu kwenye besi.

Tufanye hesabu, maana ndiyo itakayotuonyesha ukubwa wa tofauti. Bill James, mtafiti wa takwimu za besiboli, alitunga fomula inayokadiria mikimbio kutokana na vitendo vya mpigaji mwenyewe. Jumlisha mapigo safi na besi za bure. Zidisha kwa jumla ya besi, yaani pigo la besi moja ni 1, la besi mbili ni 2, la besi tatu ni 3, homurani ni 4. Gawanya kwa jumla ya mara za kupiga (ambazo hazihesabu besi za bure) na besi za bure. Toleo la pili linatoa mara alizonaswa akiiba, na kuongeza zaidi kidogo ya nusu besi kwa kila besi aliyoiba salama.

Mattingly alikuwa na mapigo safi 211, besi za bure 56, jumla ya besi 370, na mara 652 za kupiga. Anapata karibu 139. Henderson alikuwa na mapigo 172, besi za bure 99, jumla ya besi 282, na mara 547 za kupiga. Ukiweka na besi zake za kuiba anapata karibu 132. Mattingly bado yuko mbele, na alistahili sifa alizopewa. Lakini tofauti ya mikimbio 73 imekuwa ya mikimbio 7. Tena Mattingly alitolewa mara 441 alipopiga, na Henderson mara 375. Kila anayetolewa anakula sehemu ya nafasi 27 za timu kwa mchezo, tatu kwa kila zamu kati ya tisa, na 66 ni zaidi ya michezo miwili mizima.

Kinyume chake ni Joe Carter wa San Diego Padres mwaka 1990. Alileta mikimbio 115, namba ambayo gazeti lolote lingeipa kichwa cha habari. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.232, na alifika besi mara 290 tu katika kila 1,000. Mbele yake walikuwepo Tony Gwynn na Roberto Alomar, nao wakimbiaji walikuwa hawakosekani. Kwa fomula ya James, Carter anapata mikimbio 71. Simdharau, maana kuleta watu 115 kunahitaji kusimama kila siku na kuupeleka mpira uwanjani. Ila kocha anayemlipa mchezaji kwa namba ile peke yake anamlipa kwa kazi ya Gwynn.

Turudi kwa Herr na Bonds. Herr alikuwa na mapigo 180, besi za bure 80, jumla ya besi 248, mara 596 za kupiga. Fomula inampa 95. Bonds alikuwa na mapigo 135 tu, lakini besi za bure 232, kati yake 120 za makusudi kabisa, na jumla ya besi 303 katika mara 373 za kupiga. Fomula inampa 184. Mpangilio umegeuka na pengo ni kubwa mno. Sababu ya Herr kuongoza kwenye hesabu nyepesi ni wenzake: Vince Coleman aliiba besi 110 mwaka ule, na Willie McGee alipiga wastani wa 0.353. Sababu ya Bonds kubaki nyuma ni kwamba warushaji walikataa kumrushia, hasa kukiwa na watu kwenye besi. Mtu anayeogopwa kiasi hicho hawezi kuleta mikimbio asiyopewa mpira wa kuileta.

Fomula hii nayo ina kasoro, na ni lazima niiseme. Inazidisha uwezo wa mtu wa kufika besi na nguvu zake mwenyewe, kana kwamba mbele yake na nyuma yake wamesimama watu kama yeye. Kwa mpigaji wa kawaida kosa ni dogo. Kwa Bonds au Aaron Judge wa Yankees namba inavimba. Dawa yake ni kukipa kila kitendo thamani yake ya wastani katika mikimbio. Thamani hizi hutofautiana kidogo mwaka hadi mwaka, lakini kwa kazi ya daftari hizi zinatosha: pigo la besi moja 0.47, la besi mbili 0.77, la besi tatu 1.04, homurani 1.40, besi ya bure au kugongwa na mpira 0.31, na kila kutolewa unatoa 0.26. Jibu linakuambia amezalisha mikimbio mingapi zaidi ya mpigaji wa wastani aliyepewa nafasi zilezile.

Jaribuni kwa Judge wa 2024. Alikuwa na mapigo safi 180, idadi ileile ya Herr: 85 ya besi moja, 36 ya besi mbili, 1 ya besi tatu, na homurani 58. Alipewa besi za bure 133, akagongwa na mpira mara 9, akatolewa mara 379. Jumla inakuja karibu 95 juu ya wastani. Herr kwa njia hiyohiyo anapata karibu 22. Kwa hesabu nyepesi ya kufunga na kuleta walikuwa karibu sawa, 199 kwa Herr na 208 kwa Judge.

Msimu huo wa 2024 unaonyesha pia jinsi nafasi kwenye orodha inavyofanya kazi. Judge aliongoza ligi zote mbili kwa mikimbio 144 ya kuleta, akipiga mara baada ya Juan Soto, aliyefika besi mara 419 katika kila 1,000 na kuongoza Ligi ya Marekani kwa kufunga 128. Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers aliongoza Ligi ya Taifa kwa kuleta 130, na aliongoza ligi zote kwa kufunga 134. Alifanya hivyo akiwa mpigaji wa kwanza kuanzia katikati ya Juni, baada ya Mookie Betts kuvunjwa mkono na mpira. Kuleta 130 ukiwa mtu wa kwanza kwenye orodha kunahitaji homurani, naye alipiga 54. Hesabu nyepesi inampa Ohtani 210 na Judge 208. Thamani za vitendo zinamweka Judge mbele kwa upigaji, na besi 59 alizoiba Ohtani kwa kunaswa mara 4 zinapunguza pengo bila kuliziba.

Kwa makocha, thamani hizi zina matumizi ya papo hapo. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza na hakuna aliyetolewa, timu hutarajia karibu mkimbio 0.86 hadi mwisho wa zamu. Ukimwamuru mpigaji aguse mpira kwa kafara, mkimbiaji akafika besi ya pili na mmoja akatolewa, matarajio yanashuka hadi kama 0.66. Umempandisha mtu, na umepoteza theluthi ya nafasi za zamu. Mbele ya wapigaji wako wakali usifanye hivyo mapema kwenye mchezo. Ngoja zamu ya mwisho, mkimbio mmoja ukitosha kushinda. Kuiba besi nako kunalipa tu pale mkimbiaji anapofanikiwa zaidi ya mara 7 katika 10.

Na kwenu waandishi wa alama, naomba mwongeze safu moja ambayo madaftari mengi ya dukani hayana: idadi ya wakimbiaji ambao kila mpigaji amewakuta kwenye besi. Mwisho wa msimu chukueni mikimbio aliyoleta, mtoe homurani zake ili abaki na wenzake tu, kisha mgawanye kwa wakimbiaji aliowakuta. Katika ligi kuu mpigaji wa wastani huleta 14 au 15 kati ya kila 100. Anayefika 20 ni mtu wa kumweka palepale wenzake wanapofika besi. Andikeni pia, kwa alama ndogo pembeni, kila mara mpigaji alipomkuta mtu besi ya tatu na waliotolewa hawajafika wawili. Wa kawaida humwingiza karibu nusu ya mara. Kwa msimu mfupi wa shule, wenye michezo kumi au kumi na miwili, msiyatumie majibu haya kumpanga mtoto hadi awe amewakuta wakimbiaji wasiopungua 50, maana chini ya hapo mapigo mawili ya bahati yanatosha kumpandisha au kumshusha isivyo haki.